Moshi wa Kalama

Chini ya taa ya zambarau, sumu ya mahindi hung'aa buluu. Ni rangi nzuri, na uzuri huo ulimuudhi Munyiva kila alipoinama juu ya kile kioo katika chumba cha giza cha maabara. Upande wa kushoto wa kioo palikuwa na madoa ya mahindi yaliyofukizwa moshi. Upande wa kulia, mahindi yasiyofukizwa. Pande zote mbili ziling'aa sawasawa.

"Ni yale yale," alisema Habiba, fundi wa maabara, aliyesimama nyuma yake. "Mara ya kwanza nilidhani tumekosea kupima. Ya pili nikasema labda dawa zetu zimezeeka. Sasa nitasema nini?"

"Usiseme kitu. Si kwa mtu yeyote, mpaka nimwone Daktari."

"Na Alhamisi je?"

Munyiva alizima taa. Alhamisi ndiyo iliyomnyima usingizi.

Mwaka uliotangulia, 2004, watu wengi wa Ukambani walikuwa wamekufa kwa kula mahindi yaliyoingia ukungu. Waliishiwa nguvu, macho yakawa manjano, matumbo yakajaa maji. Mmoja wao alikuwa Laban, mdogo wake Daktari Bartholomew, mkuu wa kile kituo kidogo cha utafiti nje ya mji wa Machakos. Bartholomew alimzika ndugu yake, akarudi kazini, na tangu siku hiyo hakufanya utafiti mwingine wowote isipokuwa wa sumu hiyo. Msimu uliofuata akaipata aliyoiamini kuwa dawa yake. Katika boma la mama mmoja huko Kalama, alifukiza mahindi kwa moshi wa majani ya kichaka kinachoota kando ya mito. Alipoyapima, yaliyofukizwa karibu hayakuwa na sumu kabisa. Yasiyofukizwa yalijaa sumu.

Habari ilifika kwa DO, afisa wa serikali wa tarafa ile. Serikali ilikuwa ikikusanya mahindi yenye ukungu ili yachomwe, na watu walikuwa wakiyaficha chini ya vitanda kwa sababu chakula cha msaada kilikuja kwa kuchelewa. Moshi ungemaliza ugomvi huo wote. Basi baraza likaitishwa Kalama siku ya Alhamisi, Daktari awafundishe watu kufukiza mahindi yao na kuyala.

Munyiva alipewa kazi ya kuandaa maelezo ya kusomwa barazani. Alitaka tu kulifanya jaribio lile kwa mikono yake mwenyewe, ili mtu akimuuliza swali awe na jibu. Mambo yakaanzia hapo.

Alimkuta Bartholomew ofisini, simu ikiwa sikioni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kusafisha miwani yake hata ikiwa safi. Alimwashiria aketi, akamaliza kuongea na DO, akatabasamu.

"Wataleta hata watu wa redio. Umemaliza maelezo?"

"Daktari, moshi haufanyi kazi."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni kama kitu kilichosahauliwa.

"Umetumia mahindi gani?"

"Ya mfanyabiashara wa sokoni."

"Basi. Mahindi ya sokoni yametoka kila mahali. Majani je? Mabichi au makavu?"

"Mabichi, kama ulivyoandika. Moto mdogo, kama ulivyoandika. Nimerudia, nikarudia tena."

"Munyiva, mimi niliona kwa macho yangu haya. Kioo kilikuwa cheusi. Hakuna hata doa."

"Najua uliona, Daktari. Lakini uliona mara moja."

Bartholomew alivua miwani. "Unajua wangapi watakufa wakiendelea kula mahindi yale bila kitu chochote? Mimi nimemwosha ndugu yangu. Usiniambie habari ya mara moja."

"Na wangapi watakufa wakiyala kwa sababu sisi tumewaambia ni salama?"

Alilisema kabla ya kulipima. Alingoja afukuzwe. Badala yake Bartholomew alichukua funguo za gari.

"Twende Kalama," alisema. "Mahindi yale yale, ghala lile lile. Utaona mwenyewe, na utaniomba msamaha."

Mashamba ya kando ya barabara yalikuwa yamekauka, na vumbi lilifuata gari mpaka kwenye lango la boma.

Mwenye boma aliitwa Mbula, lakini wote walimwita Mama Kaloki, kwa jina la mwanawe mkubwa aliyefanya kazi katika machimbo ya mawe huko Lukenya. Alikuwa mjane mwenye sauti nzito na mikono ya mtu anayelima peke yake. Alipomwona Daktari alicheka kwa furaha.

"Karibu, Daktari! Karibu, msichana wangu. Mumefika wakati mzuri. Kaloki mwenyewe ako nyumbani, na chakula kiko tayari."

Kaloki, kijana mpana wa mabega, aliinuka kuwapa mkono. Wadogo zake wawili wa kike walikuwa wameketi mkekani. Mama Kaloki akafunua sufuria, mvuke ukapanda, na Munyiva akaona isyo, mahindi na maharagwe, yamechemka mpaka yakapasuka.

"Ni yale ya moshi?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

"Ndiyo hayo. Ni ya gunia la nyuma ghalani, nililifukiza mwenyewe, tukaanza kuyakula juzi. Si Daktari alisema yako sawa?" Mama Kaloki alipakua sahani ya kwanza akampa Bartholomew kwa mikono miwili, ya pili akampa Munyiva. "Harufu ya moshi iko kidogo, lakini chumvi inaificha."

Bartholomew alishika kijiko. Alimtazama Munyiva machoni, kisha akala. Akatafuna taratibu, akameza, akachota tena.

Munyiva alikaa na sahani mapajani. Ilikuwa ya moto. Katika nyumba ya Mkamba kukataa chakula ulichopewa na mama wa umri ule ni tusi ambalo halihitaji maneno, na wote waliokuwemo walilijua hilo, hata wale wasichana wadogo walioacha kutafuna wakamkodolea macho.

"Mama Kaloki," alisema, "nisamehe sana. Mimi siwezi kula haya. Na nakuomba, wewe na watoto msile."

"Kwa nini?"

"Nimejaribu ule moshi kule kazini, na sumu haikutoka."

Mama Kaloki aligeuka kwa Bartholomew, ambaye kijiko chake kilikuwa kimesimama hewani, kisha akarudi kwa Munyiva. "Kwa hivyo haya yako na sumu?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sina uhakika. Nataka kupima tena."

"Haiya." Mama yule alijifuta mikono kwenye leso. "Daktari aliniambia ni salama, na alikuwa na uhakika. Sasa anakula mbele yangu. Wewe unakuja kwangu, unakataa chakula changu, na huna uhakika. Sasa mimi nifuate nani?"

Munyiva aliiweka sahani yake mkekani. Alihisi machozi ya aibu yakimpanda, akayazuia. "Mimi siwezi kukuambia kitu nisichokijua, mama. Ningekuwa na uhakika ningekuambia. Lakini kama ni kungoja, kungoja hakuui mtu."

"Kungoja kunaua," alisema Mama Kaloki. "Njaa wewe huijui."

Hata hivyo, aliinama akachukua sahani za wasichana wake mikononi mwao, akazimimina tena ndani ya sufuria, akafunika. Kaloki alikuwa amekwisha kumaliza yake. Ilikuwa ni sahani ya ngapi tangu juzi, hakuna aliyeuliza.

Bartholomew aliweka sahani chini. "Tuonyeshe ghala," alisema, na hakumtazama mtu.

Ghala lilikuwa chumba cha matofali kilichounganishwa na jikoni. Magunia yaliyofukizwa yalikuwa yamepangwa karibu na mlango. Nyuma, yakiegemea ukuta, yalikuwepo magunia machache ambayo Daktari aliacha bila kuyafukiza ili apate kitu cha kulinganisha. Munyiva alipapasa ukuta ule kwa kiganja. Ulikuwa baridi. Kutoka kwenye bati mpaka chini palishuka alama pana ya hudhurungi, mahali maji ya mvua yalipopita msimu baada ya msimu, na magunia yaliyougusa yalikuwa na duara la unyevu kitakoni.

"Daktari," aliita polepole. "Yale uliyopima, yasiyofukizwa, uliyatoa wapi?"

"Hapo ukutani."

"Na ya kufukiza?"

"Hapa mlangoni. Yalikuwa karibu na kibanda cha moshi, ilikuwa rahisi kuyabe..."

Hakulimaliza neno. Munyiva alimwona akiutazama ukuta, kisha mlango, kisha ukuta tena. Alikuwa mwanasayansi mzuri, na hakuhitaji kuelezwa. Mahindi ya mlangoni yalikuwa makavu. Huenda hayakuwa na sumu tangu mwanzo, moshi au bila moshi.

"Hiyo haionyeshi kwamba moshi haufanyi kazi," alisema hatimaye, kwa sauti iliyokauka.

"Haionyeshi," Munyiva alikubali. "Lakini hata jaribio la kwanza halikuonyesha kwamba unafanya."

Alidhani atabisha. Bartholomew alivua miwani, akaisafisha kwa shati, akaivaa. Kisha akaanza kutoa maagizo kwa haraka, kama mtu anayemkimbia mwingine aliye ndani yake.

"Tuchukue gunia moja la ukutani. Tulimwage lote turubaini, tulichanganye mpaka juu na chini pawe kitu kimoja. Tuligawe katikati. Nusu tuifukize leo hii hii, nusu tuiache. Mama Kaloki, kuna gunia la mlangoni ambalo halikufukizwa?"

"Ni la mbegu peke yake. Mbegu siwezi kuweka moshi."

"Tutachukua kidogo kwa hilo pia, juu, katikati na chini. Na tukifika maabara, Habiba ndiye atakayetia alama. Mimi nisijue lipi ni lipi. Wewe pia usijue, Munyiva. Wewe unataka moshi ushindwe kama mimi ninavyotaka ushinde."

Maneno hayo yalimchoma Munyiva, kwa sababu yalikuwa kweli. Tangu alipoikataa ile sahani, alikuwa akiomba kimoyomoyo mahindi yale yawe na sumu.

Walifukiza mpaka macho yakawatoka machozi. Walipokuwa wakiondoka, Munyiva aliacha namba yake ya simu, na Bartholomew alimpa Mama Kaloki unga wa dukani aliokuwa amenunua kwa ajili ya nyumba yake. Mama aliupokea bila kuwaaga.

Jumatano, kabla ya saa sita, simu ya Munyiva ililia. Ilikuwa namba ya jirani wa Mama Kaloki, lakini sauti ilikuwa ya mama mwenyewe.

"Kaloki anatapika. Tumemleta hospitali ya Machakos. Uko wapi?"

Munyiva alimkuta kijana amelala ubavu, midomo imebabuka, mama yake akimpepea kwa kipande cha katoni. Daktari wa zamu, mwanamke mchovu aliyeitwa Wangui, alimvuta Munyiva pembeni.

"Macho yana unjano kidogo. Inaweza kuwa malaria kali, machimboni kule wanaugua sana. Inaweza kuwa ini. Tunapima damu."

"Ni mahindi?"

"Umeniuliza, nami nimekujibu. Inaweza."

Aliporudi kitandani, Mama Kaloki alimshika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. "Niambie ni ile chakula."

"Sijui, mama."

"Tena hujui!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. Munyiva angeweza kusema ndiyo. Neno hilo lilikuwa pale ulimini, jepesi, na lingemfanya aonekane aliyekuwa na haki tangu mwanzo. Alilimeza.

"Wasichana wako vipi?" aliuliza badala yake.

"Wako sawa. Wanakula unga wa Daktari."

"Basi wasiguse yale mengine. Kesho asubuhi nitajua jambo moja. La Kaloki watajua hawa wa hapa."

Alimpigia Bartholomew kutoka kwenye ngazi za hospitali. Alipomweleza habari ya Kaloki, alisikia pumzi ikivutwa upande wa pili.

"Mimi pia nilikula," alisema Bartholomew, "na sina kitu."

"Mtu mmoja mzima na mtu mmoja mgonjwa, Daktari. Hiyo si kitu bado."

"Najua si kitu. Nilikuwa najipa moyo tu."

Alhamisi, kulipokwisha kupambazuka, wote watatu waliingia katika chumba cha giza. DO alikuwa amepiga simu mara mbili kuuliza kama Daktari ameshatoka. Habiba alipanga kioo chini ya taa, akasogea ukutani akafumbata mikono. Alama zake zilikuwa herufi tupu za Kiarabu, na maana yake aliijua yeye peke yake.

"Soma wewe," Munyiva alimwambia Bartholomew.

"Hapana. Tusome kila mtu peke yake, kisha tulinganishe."

Munyiva aliinama kwanza. Aliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Akampisha mzee. Bartholomew alikaa pale kwa muda mrefu, uso wake umepakwa rangi ya zambarau, pua karibu kugusa kioo. Alipoinuka aliegemea meza.

"Alif na mim zinang'aa," alisema. "Sawasawa. Siwezi kuzitofautisha. Sin ni nyeusi, ina chembe ndogo tu pembeni."

Munyiva alifungua kiganja. Alikuwa ameandika hivyo hivyo.

"Habiba," alisema Bartholomew. "Tuambie."

Habiba alikohoa. "Alif ni nusu isiyofukizwa. Mim ni nusu iliyofukizwa. Sin ni gunia la mbegu la mlangoni." Kisha akaongeza kwa upole, "Halikuona moshi hata siku moja, Daktari."

Munyiva, aliyekuwa ameomba jibu hili, hakuhisi ushindi wowote. Alimwona Bartholomew akiweka kidole juu ya kioo, pale palipokuwa na doa la mim, kana kwamba angeweza kulifuta.

"Laban angekufa hata kama ningekuwa na moshi huu," alisema. Halafu akauliza saa.

Kalama watu walikuwa wamejaa uwanja wa shule. Kulikuwa na hema la wageni, kipaza sauti kilichopiga mluzi, na upande mmoja, jambo ambalo Munyiva hakulitarajia, marundo ya majani mabichi. Watu walikuwa wameshayakata mitoni wakaja nayo, wakijua wanachokuja kufundishwa. DO alimkaribisha Daktari kwa maneno mengi. Munyiva alisimama nyuma ya hema. Njiani hakuwa amemuuliza atasema nini, na Bartholomew hakuwa amesema.

Bartholomew alishika kipaza sauti. Alisalimia kwa Kikamba, watu wakaitikia kwa kishindo.

"Nilikuja kuwapa dawa," alianza kwa Kiswahili. "Sina dawa."

DO aligeuza shingo.

"Nilijaribu mara moja, nikaona nilichotaka kuona. Tumejaribu tena, mimi na wenzangu, tukajifunga macho ili tusijidanganye. Moshi hautoi sumu. Mahindi niliyosema yamepona hayakuwa yameugua. Yale yaliyokaa penye unyevu yako na sumu, na yatabaki na sumu hata myafukize mwaka mzima. Naomba msiyale. Naomba myatoe yachukuliwe."

Kisha mwanamume mmoja aliyevaa koti kuukuu alisimama katikati.

"Wewe Daktari! Wiki jana redio ilisema umepata. Leo unasema hujapata. Kesho utatuambia nini?"

"Nitawaambia nitakachokuwa nimekipata kesho."

"Na sisi tule kesho?" alipiga kelele mwanamke mmoja. Vicheko vya uchungu vikapasuka. Mtu akarusha fungu la majani mbele ya hema. Likafuatwa na lingine. DO alimnyang'anya Bartholomew kipaza sauti akaanza kuahidi kwamba lori la msaada limekwisha kutoka Nairobi, lakini nusu ya watu walikuwa tayari wakiondoka, wengi kwa hasira, wachache wakishauriana kwa sauti za chini.

"Umeniaibisha mbele ya watu," DO alimwambia Bartholomew akiingia garini. "Ungeniambia asubuhi."

"Asubuhi ndiyo nilijua."

"Ungesema utafiti unaendelea! Ni maneno mangapi hayo?" Mlango ukafungwa kwa kishindo.

Simu ya Munyiva ililia uwanja ulipokuwa karibu mtupu. Alikuwa Wangui, yule daktari wa hospitali. Damu ya Kaloki haikuwa na malaria. Ini lilikuwa limeguswa, lakini kijana alikuwa amekunywa uji na umekaa tumboni, na Wangui alikuwa na tumaini. Munyiva alipomweleza, Bartholomew aliketi juu ya kiti cha plastiki akafunika uso kwa mikono. Mabega yake yalitikisika. Munyiva alisimama karibu naye, bila kumgusa, mpaka alipotulia.

"Kuna waliosikia habari ya moshi kabla ya leo," Bartholomew alisema baadaye, akiinua kichwa. "Ile ya redio. Wamefukiza wenyewe nyumbani, na hawakuja barazani kwa sababu wanadhani wanajua tayari."

"Wako."

"Hao ndio watakaokufa."

Akaliacha gari chini ya kivuli cha darasa, wakaanza kupita boma kwa boma kwa miguu. Boma la kwanza lilifungwa mlango walipokaribia, na ingawa walisikia watoto ndani hakuna aliyewaitikia. La pili mzee mmoja aliwasikiliza mpaka mwisho, akawatukana bila kupandisha sauti, kisha akaingia ndani akatoka akiburuta gunia lake, akaliacha miguuni mwao akaondoka. Lilinuka moshi. Munyiva alilifunga mdomo kwa kamba, akalitia alama kwa chaki ili lisirudishwe ndani, huku Bartholomew akivuka kijito kikavu kuelekea boma la tatu.

Alimsikia akipiga hodi. Akasikia mbwa akibweka, kisha sauti ya mwanamke ikiuliza ni nani, na Bartholomew akijitaja jina lake lote, polepole, na kusema amekuja kuhusu mahindi.